Nani Atatunza Kisima?

Nyuma ya kanisa letu, upande wa ziwani, ipo pampu ya mkono ambayo haijatoa maji kwa miaka mingi. Watoto wa shule ya Jumapili huupanda mpini wake wakacheza kama wamepanda punda. Kwenye zege yameandikwa maneno ya kuwashukuru marafiki wa ng'ambo, na mwaka, ila tarakimu ya mwisho imefutwa na visigino vya watoto hao.

Pampu hiyo haikuuawa na ukame. Kilichokatika ni mpira mdogo wa ndani, kitu unachoweza kukificha kwenye kiganja. Wakati tunagundua hivyo, fundi aliyekuwa amefundishwa kuitengeneza alikwisha kuhamia Geita kutafuta dhahabu, na mfuko wa maji ulikuwa daftari tupu. Hatusemi kwamba kuna aliyekula fedha. Hazikuwapo za kula. Tulichanga miezi michache ya mwanzo, kisha tukaona pampu ni nzima, tukaacha. Mama zetu wakarudi kuchota ziwani, na watoto wakarudi na kichocho.

Mwaka huu imekuja barua nyingine. Marafiki wa kanisa letu walioko ng'ambo wako tayari kulipia kisima kirefu, na pamoja nacho nafasi moja ya masomo ya juu huko kwao kwa kijana wa hapa. Baraza la wazee liligawanyika siku ile ile barua iliposomwa. Wapo waliosema tumshukuru Mungu tupokee, na wapo waliosema tumechoka kuandika majina ya watu kwenye zege. Ndipo tulipoombwa, sisi wachache tunaopenda mambo ya kale, tutazame misaada iliyofika kandokando ya ziwa hili zamani iliishia wapi. Haya ndiyo tuliyoyapata. Hayakumaliza mabishano, lakini yaliyabadilisha.

Msaada wa kwanza wa namna hii tunaoujua kwa kiasi chake ulikuwa pauni 5,000. Mwezi Novemba 1875, gazeti la Daily Telegraph la London lilichapa barua ya msafiri Henry Morton Stanley, akisema Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu wa dini ya Kikristo. Siku chache baadaye, mtu asiyetaja jina lake aliwaandikia wakuu wa Church Missionary Society kwamba atatoa pauni 5,000 kwa kazi hiyo. Badala ya jina aliandika kwamba yeye ni mtumwa asiye na faida, akiwarejesha kwenye sura ya 17 ya Luka. Hakuandikwa kwenye zege lolote.

Fedha zile na nyingine zilizofuata zilinunua vifaa, zikalipa wapagazi kutoka pwani, na zikaleta mashua iliyoitwa Daisy, ikibebwa vipande vipande mabegani mwa watu hadi Kageye, kijiji ambacho leo kiko wilaya ya Magu. Tunaomba msomaji asiwapite haraka wapagazi hao. Vitabu vya misheni vinataja wazungu wote kwa majina, na waliobeba mashua vinawataja kwa idadi.

Mambo hayakwenda kama walivyopanga London. Daktari wa msafara, John Smith, alifariki Kageye mwaka 1877 na kuzikwa pale. Mwezi Desemba mwaka huo huo Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe, walipojikuta katikati ya ugomvi wa Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Alexander Mackay alipofika Kageye katikati ya mwaka 1878, alikuta mali ya misheni imetawanyika na Daisy iko hoi. Mackay alikuwa mhandisi. Kabla ya kuhubiri kwa yeyote kule ng'ambo ya ziwa alishika nyundo, akaifufua mashua, akavuka. Njiani dhoruba iliwatupa ufukweni, wakalazimika kuikata sehemu ya katikati ili mbao zake ziwe viraka vya ncha mbili. Mashua ikafika ikiwa fupi kuliko ilivyoondoka, lakini ilifika.

Tumekaa sana na habari hii ya mashua kwa sababu inatufanya tuione pampu yetu kwa jicho jingine. Pauni 5,000 zilileta Daisy hadi ziwani. Aliyeifanya iwe mashua tena ni mtu aliyekuwa tayari kubaki nayo. Mackay alibaki hadi mwisho: alifariki kwa homa huko Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890, bila kurudi kwao hata mara moja. Mapadre wa Afrika nao walikuwa wamefika Kageye mwishoni mwa 1878, na mwaka 1883 wakaanza kituo cha Bukumbi. Africa Inland Mission wakapokea kazi ya Nassa mwaka 1909. Karibu makanisa yetu yote ya ukanda huu, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yana mizizi katika sadaka za watu wa mbali ambao hawakuwahi kuliona ziwa. Anayesema kanisa lisipokee kamwe kitu cha ng'ambo, aanze kwa kutueleza sisi tulitoka wapi.

Lakini si kila kilichoitwa msaada kilikuwa msaada. Hapa tunataka kuwa wakali kidogo.

Mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa kuendeleza Usukuma, ukiwa na kituo chake Malya. Malambo mengi yalichimbwa, ardhi mpya ikafunguliwa Geita, na hadi leo yako malambo ambayo wazee huyataja kwa enzi zile. Wazee wetu waliambiwa ni maendeleo yaliyoletwa na Mwingereza, na kweli, sehemu ya fedha ilitoka Uingereza. Sehemu nyingine ilitoka kwenye pamba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili pamba ya mkulima ilinunuliwa kwa bei ya kupangwa, chini ya bei ya soko la dunia, na ziada ikawekwa kwenye mfuko ambao mkulima hakuushikia ufunguo. Fedha hizo ziliporudi kama miradi, zilirudi na masharti: lima matuta, punguza ng'ombe, weka samadi, usipofanya utatozwa faini. Mkulima wa Kwimba aliamriwa na kutozwa faini chini ya mpango ambao jasho lake mwenyewe liliuchangia. Hasira za amri hizo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma watu, na mwaka 1958 umati kutoka Geita ulifika Mwanza mjini kuikabili Serikali.

Kitu kimoja tunakikumbuka kwa furaha kutoka miaka ile. Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Kisabato, aliyezaliwa upande wa Musoma, aliwaunganisha wakulima wa pamba kwanza kwa madai madogo sana: mizani. Mkulima alikuwa akipunjwa pale pamba inapopimwa, na wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia kipimo. Mwaka 1953 Bomani alipata nafasi ya kusomea ushirika Loughborough, Uingereza. Alirudi, na mwaka 1955 chama kikuu cha ushirika cha Victoria Federation kikaundwa naye akiwa meneja. Kilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru mwaka 1962. Tunachokiona sisi ni kwamba alipokwenda Loughborough tayari alikuwa na watu waliokuwa wanamngoja, na kazi iliyokwisha kuanza. Masomo yalikuja juu ya kazi.

Ukifuata pwani ya ziwa utakuta wengine wa kizazi kile. Laurian Rugambwa wa Bukoba alisomea sheria za Kanisa huko Roma baada ya Vita Kuu ya Pili, akarudi akawa askofu, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu. Julius Nyerere wa Butiama alikuwa anafundisha shule ya St. Mary's Tabora alipopata ufadhili wa Serikali kwenda Edinburgh mwaka 1949, akisaidiwa na ushauri wa padre aliyekuwa mkuu wa shule. Alirudi mwaka 1952 na shahada, akaenda kufundisha Pugu. Mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa aliacha mshahara. Josiah Kibira, naye wa Bukoba, alisoma Bethel, Ujerumani, kisha Boston, Marekani. Akawa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977, mkutano mkuu wa Walutheri wa dunia ulipofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa Rais wa shirikisho lao, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Mwalimu Nyerere, alipokuwa Rais, aliwapa wasomi mfano mgumu. Alimlinganisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea kingine. Akila akanogewa asirudi, amewasaliti. Mfano huo umerudiwa sana kwenye mahafali hadi umepoteza makali. Sisi tulipousoma upya tulisimama kwenye jambo ambalo hatukuwa tumelifikiri: kwenye mfano ule chakula ni cha kijiji. Nyerere hakusema kilitoka kwa mfadhili. Ada inaweza kulipwa na Serikali ya Uingereza au na dayosisi ya Ujerumani, lakini aliyemtoa kijana shambani, aliyemlea mdogo wake na kufunga zizi kwa miaka minne, ni mama yake. Fungu hilo halimo kwenye hesabu za mfadhili yeyote.

Baada ya uhuru nchi yetu ilijifunza haraka bei ya misaada. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilitumia misaada yake kutaka kutuamulia uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, na Serikali ikawaambia wachukue vilivyobaki. Mwezi Desemba mwaka huo huo tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, nalo lilisema waziwazi kwamba misaada na mikopo ya nje haiwezi kuwa msingi wa maendeleo. Oktoba mwaka huo Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi hapa Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU. Wapo wazee wetu wanaokumbuka kusimama barabarani na matawi mikononi, wakimtazama Rais mwenye vumbi hadi magotini.

Jambo la kushangaza, au labda la kuchekesha, ni kwamba baada ya Azimio la Kujitegemea misaada iliongezeka. Nchi za Skandinavia zilipenda msimamo ule, na katika miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa kati ya nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi zaidi. Sweden ilikuwa mbele. Nyuma ya urafiki huo kulikuwa pia na njia ya Kanisa: wamisionari wa Sweden walikuwa Bukoba tangu miaka ya 1940, akiwamo mwalimu Barbro Johansson, aliyewafundisha wasichana wa Kashasha, akachukua uraia wa Tanganyika, akawa mbunge kwa tiketi ya TANU na baadaye akafanya kazi katika ubalozi wetu Stockholm. Watu waliokwisha kukaa jiko moja na wenyeji walifungua milango ambayo wanadiplomasia peke yao wasingeifungua.

Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake. Wasweden walitoa fedha nyingi kwa mpango huo. Zilijengwa bomba ndefu, matangi, na mashine za dizeli kusukuma maji. Na maji yalikuwa bure. Kisha mafuta yakapanda bei mara mbili katika muongo mmoja, vita vya Kagera vikaja, fedha za kigeni zikakauka, na mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Tangi la zege lililo tupu kilimani ni sehemu ya mandhari ya Usukuma kama yalivyo mawe yetu. Mwaka 1991 ulifika na mama akaendelea kubeba ndoo.

Kutokana na kushindwa huko ndipo ulipozaliwa mpango ambao watu wengi wa Mwanza, Mara na Kagera wanaukumbuka kwa jina la HESAWA. Ulianza mwaka 1985 kwa fedha za Sweden, ukaendelea hadi 2002. Wenyewe walikuwa wamejifunza. Badala ya mashine kubwa walileta visima vifupi vya pampu za mkono, wakaboresha visima vya asili, wakafundisha mafundi wa vijiji kujenga matangi ya kuvunia maji ya mvua na vyoo bora. Afya na maji viliwekwa pamoja. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na kamati yenye wanawake ndani yake, mfuko wa maji, na wahudumu wa pampu. Wananchi walileta mchanga, mawe na nguvu zao. Kwa Msukuma hilo halikuwa geni. Nzengo imekuwa ikifanya hivyo tangu zamani, mtu akiunguliwa nyumba au akifiwa.

Tunawajibika kusema kweli juu ya miaka ile. Watoto wengi walikua kwa maji ya visima hivyo, na wako wanawake ambao mara ya kwanza kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusikilizwa ilikuwa kwa sababu ya kamati ya maji. Lakini mfadhili alipoondoka iliyobaki ilikuwa kazi isiyo na sherehe: kutoza mia mbili mia mbili, kuziandika, kumfuata jirani asiyelipa, kununua kipuri mjini. Kuchimba kisima ni siku moja ya vigelegele. Kukitunza ni miaka 20 ya kugombana na shemeji yako kwa ajili ya mia mbili. Tangu mwaka 2019 Serikali imeunda RUWASA kusimamia maji vijijini, pamoja na vyombo vya watumia maji vya jamii vinavyokusanya fedha kwa ndoo. Tunaona ni kukiri, baada ya nusu karne, kwamba maji ya bure yalikuwa ghali mno.

Upande mwingine wa Mwanza mjini, juu ya kilima, iko Hospitali ya Bugando. Ilijengwa na Kanisa Katoliki kwa msaada wa Misereor, mfuko wa maaskofu wa Ujerumani ambao hukusanya sadaka kila Kwaresima. Yaani Wajerumani wa kawaida walijinyima wakati wa mfungo, na jengo lile likasimama. Lilifunguliwa mwaka 1971, mwaka uliofuata Serikali ikalichukua, na mwaka 1985 ikalirudisha chini ya maaskofu kwa makubaliano ya kushirikiana. Mwaka 2003 chuo cha tiba kikaanza hapo hapo, kwa msaada wa marafiki wa New York, na mlango ukafunguka kwa kijana wa Sengerema kusomea udaktari akiwa na uwezo wa kwenda kwao wikiendi. Hili lilitugusa kuliko tulivyotazamia. Msaada wa masomo hapa uliileta shule kwa watu, nao hawakulazimika kuwapeleka watu shuleni ng'ambo. Madaktari waliosoma Bugando tunakutana nao wodini.

Makanisa nayo yalikuwa na ugomvi wake juu ya fedha za nje. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kenya, kiongozi wa Wapresbiteri wa Afrika Mashariki, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani akawaomba wasitishe kwa muda kupeleka wamisionari na fedha, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka ulilichukua wazo hilo. Wengi walikasirika, huku na huko. Wazo hilo halikutekelezwa kikamilifu popote tunapopajua, lakini Wapresbiteri wa Kenya walilishika neno Jitegemea na kulifanya wimbo wao. Gatu hakuwa na chuki na wageni. Alitaka kujua kama mgonjwa anaweza kutembea, na alijua hilo haliwezi kujulikana magongo yakiwa bado kwapani.

Miaka ya karibuni magongo yameondolewa bila sisi kuomba. Marekani, kupitia mfuko wake wa Changamoto za Milenia, ilitoa ruzuku ya dola milioni 698 kati ya 2008 na 2013, na nyaya za umeme zikafika vijiji kadhaa vya mkoa wetu. Machi 2016 mfuko huo huo ulisitisha awamu ya pili, iliyokuwa karibu dola milioni 472, kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Na Januari 2025 amri moja iliyotiwa saini Washington ilisimamisha misaada ya Marekani dunia nzima. Kabla ya mwaka kwisha shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Katika sharika zetu wako watu wanaoishi kwa dawa za kila siku. Wiki zile walikuja kuombewa wakiwa na hofu ambayo haikuwa ya kiroho tu.

Wakati huo huo, yako mambo ambayo nchi imeyafanya kwa mkono wake. Maji ya ziwa kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, yalifika Kahama na Shinyanga mwaka 2009 kwa fedha za Serikali yetu. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, la kilometa tatu na kidogo, lilifunguliwa likiwa limejengwa kwa fedha za ndani. Waliowahi kukesha Kigongo wakisubiri kivuko na mgonjwa ndani ya gari wanajua maana yake. Hatusemi haya kwa majivuno. Kodi nayo ni sadaka ya watu maskini, na inahitaji macho yale yale.

Sasa turudi kwetu. Miaka iliyopita kanisa letu lilimchangia kijana mmoja aliyepata ufadhili wa masomo ng'ambo. Mfadhili alilipa ada; nauli, koti la baridi na paspoti vilikuwa juu yetu. Tuliuza kuku na mikungu ya ndizi kwa mnada baada ya ibada, Jumapili nne mfululizo. Alimaliza vizuri. Hakurudi. Huko aliko ana kazi na familia, na bati la nyumba ya mchungaji ni yeye aliyelituma. Wazee wawili wa baraza letu hawakubaliani juu yake hadi leo. Mmoja anasema tulimpoteza. Mwingine anasema anatuma zaidi ya wote waliorudi. Mama yake, alipoulizwa, alisema bati ni zuri, ila mvua ikinyesha halimwamshi mtu kumsaidia kuhamisha kitanda.

Tulipofika hapo katika kazi yetu tulirudi kwenye Maandiko, kama tulivyopaswa kuanza. Katika Matendo ya Mitume sura ya 11, nabii Agabo anatabiri njaa, na Wakristo wa Antiokia wanapeleka msaada Uyahudi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Ni msaada wa ng'ambo kabisa, na Biblia haionei haya. Lakini katika 2 Wakorintho sura ya 8 Paulo anafanya jambo ambalo huwa tunalipita tunapohubiri utoaji: hazibebi fedha peke yake. Makanisa yenyewe yanamchagua ndugu wa kusafiri pamoja naye na mchango ule, na Paulo anaeleza kwamba hataki alaumiwe na mtu, anataka mambo yawe sawa mbele za Mungu na mbele za watu pia. Mtume aliyepigwa mawe kwa ajili ya Injili alikubali kuhesabiwa. Tuligundua pia kwamba waliotoa kwa wingi walikuwa watu wa Makedonia, waliokuwa maskini wenyewe.

Baraza lilikaa tena baada ya kusikia hayo. Mzee aliyekuwa anapinga barua hakubadili moyo wote, lakini aliomba aongezewe mistari. Mzee aliyekuwa anaitaka alikubali iongezwe. Tukawajibu marafiki zetu kwamba tunawashukuru, na kwamba kabla kisima hakijachimbwa tunaomba miezi sita tutengeneze kwanza pampu ya zamani kwa fedha zetu, tuone kama kamati yetu inaweza kufanya mkusanyo hata mara sita bila kukosa. Juu ya masomo tuliuliza kama fedha za mtu mmoja ng'ambo zinaweza kuwasomesha watatu hapa nchini, mmoja wao akiwa binti wa kusomea ufundi wa maji. Na tuliomba jina la mtu yeyote lisiandikwe kwenye zege, likiwamo letu.

Barua iliondoka Magu kwa posta mwanzoni mwa Kwaresima. Majibu hayajafika. Mpira wa pampu tuliupata Mwanza mjini, duka la pili tuliloingia, na bei yake ilikuwa chini ya kile tulichochanga siku hiyo kwa ajili ya nauli ya kwenda kuutafuta.